Kabla hujapulizia bunduki yako rangi, nisikilize mimi niliyeibandua mara mbili

Juzi niliweka picha ya Mauser yangu imeegemea shina la mwaloni, theluji mbichi imelala mtutu mzima, na pembeni lile koti langu la rangi ya machungwa ambalo sheria ya Minnesota inatulazimisha tulivae. Haikupita saa, ndugu mmoja aliyeko Texas akaniandikia: "Kaka, hiyo rangi umepigiwa wapi na ni pesa ngapi? Yangu imeanza kula kutu." Nilicheka peke yangu. Hilo la pesa ngapi na mimi ndilo nililoanza nalo, likanila misimu miwili.

Mimi ni mtoto wa Voi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo sisi tuliokulia jirani na Tsavo tunajua watu wa aina mbili tu wanaotembea na bunduki porini: askari wa wanyama na jangili. Nilipomwambia mama mdogo kwamba huku kibali cha kuwinda nanunua dukani, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama kazi ya hospitali nimeacha. (Mnyama ninayemwinda huku tunamwita kulungu kwa kukosa jina. Si kulungu wetu. Ana mkia mweupe, na akikushtukia anauinua juu huku anakimbia, kama anayekupungia kwaheri.)

Bunduki niliuziwa na mzee aliyekuwa amechoka kupanda vilima. Mwili wake ni wa Mauser 98 ya Kijerumani, mtutu mpya wa risasi za .30-06, kitako cha walnati alichochongewa kwa oda kwa kipimo cha bega lake, na bahati nzuri mabega yetu yanalingana. Kasoro yake ilikuwa moja. Ule weusi wa kuelekea buluu unaouona kwenye bunduki za zamani ni kutu iliyofugwa, haina kinga kubwa bila mafuta. Ukitoka kwenye baridi kali ukaingia nayo sebuleni, chuma kinatoka jasho hapo hapo. Asubuhi moja niliifuta kwa kitambaa cheupe kikarudi rangi ya chai ya maziwa.

Sasa hapa ndipo kiburi kiliponiponza. Mjomba wangu alikuwa fundi wa kupulizia rangi Mombasa, na likizo zangu zote za sekondari nilizimaliza gereji kwake nikipiga magari. Bomba la rangi nalijua. Nikasoma kuhusu Cerakote, rangi ya kauri inayookwa kwenye oveni, nikajiambia huu ni mchezo wangu. Nikanunua chupa, nikaazima kompresa, nikasugua chuma kwa msasa, nikafuta mara moja kwa asetoni, nikapulizia. Ilitoka nzuri wallahi. Nikaiweka kwenye oveni ya jikoni, nyuzi 250 za Fahrenheit, yaani kama 121 za Selsiasi, saa mbili. Nilipofungua mlango niliona mstari mwembamba unang'aa pale mtutu unapojifunga kwenye mwili, kama jasho la mtu juu ya mdomo. Yalikuwa mafuta. Miaka yote ya mzee yule kupaka mafuta ilikuwa imejificha kwenye nyuzi za skrubu, ikasubiri joto. Wiki mbili baadaye ukucha wangu uliinua ganda zima.

Mke wangu naye alikuwa na lake la kusema kuhusu oveni, na alikuwa na haki. Oveni ya rangi isipike chakula tena. Tafuta nyingine, kuukuu, uiweke gereji.

Nikampelekea fundi mmoja wa hapa, simtaji. Aliitazama, akawaita wenzake waje waone. Mmoja akasema kwa sauti kwamba kuna watu hawafai kuuziwa vitu vizuri. Nilitoka pale na bunduki yangu kwenye mfuko wake, na mpaka leo nikipita barabara ile nakaza macho mbele.

Mara ya pili niliondoa mafuta vizuri lakini nikapaka mno. Rangi hii unene wake ni kama sehemu moja ya elfu ya inchi, na unaona ni kitu kidogo mpaka uipake kwenye masikio ya bolti (kile chuma cha kusukuma kinachofunga nyuma ya mtutu), yale mawili ya mbele yanayojifunga. Bolti ikawa inang'ang'ania, natumia kiganja kuifunga. Nikabandua tena.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Texas, hivi ndivyo. Kwanza hakikisha chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu, kwa jicho na kwa kidole. Fungua kila kitu. Triga na springi zake weka mbali, hazipakwi. Ndani ya mtutu na chemba ziba kwa vizibo vya silikoni, uso wa bolti na masikio yake fungia. Loweka chuma kwenye asetoni, kiache kikauke kabisa, maana mvuke wa asetoni ukikutana na joto ni moto. Kisha oveni nyuzi 300 za Fahrenheit, saa nzima, bila rangi. Toa, angalia kila kiungo na kila tundu la skrubu. Ukiona unyevu, rudia. Yangu nilirudia mara nne. Halafu piga chuma kwa hewa ya kompresa yenye mchanga wa oksidi ya alumini, ukali namba 100, na kuanzia hapo usishike kwa mkono mtupu hata kidogo. Changanya 18 kwa 1, rangi kwa kigumishaji, chuja, vaa barakoa ya mvuke na si ya vumbi, pulizia kidogo kidogo. Kazi ya bomba ilinichukua dakika ishirini. Kusafisha, wikendi tatu. Vijana wengi mnaniuliza kuhusu zile dakika ishirini, na ndiyo maana zenu zinabanduka! Tulieni.

Namba ya bunduki ifunge isipigwe mchanga kwa nguvu. Kuwa na bunduki unayojua imefutwa namba huku Marekani ni kosa chini ya sheria ya serikali kuu. Na kama ya kwako ni Mauser ya jeshi ambayo haijaguswa, na mihuri yake yote ipo, iache na kutu yake. Ipake mafuta. Ukiipulizia, thamani yake umeitupa na hairudi.

Mwaka huu nimekaa nayo siku tatu kwenye theluji ya maji. Nimeifuta kwa kitambaa kile kile cheupe, nikamwonyesha mke wangu. Akakigeuza pande zote mbili, akaniambia sawa, lakini oveni bado nakudai.