Umeruhusiwa, Hujapona: Kwa Waliotoka ICU (Wodi ya Wagonjwa Mahututi) na Wanaowauguza

Tangu nitangaze hapa kwamba nimemaliza mitihani ya uhasibu ya CPA, wengi wanaoniandikia wanataka notsi za kodi. Nitawajibu, msijali. Lakini juzi katikati yao akaja dada mmoja, na ujumbe wake nimeurudia mara nyingi:

"Dada, hongera. Mume wangu katoka ICU mwezi wa tatu. Walituruhusu wakasema amepona. Lakini anasahau, haongei na watu, usiku anakurupuka. Jana kanirushia sahani kisa nimewasha feni. Mama mkwe anasema namdekeza. Mume mwenyewe anataka arudi kwenye bodaboda wiki ijayo. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, umeniruhusu nikujibu hadharani, asante. Nakujibu nikiwa na hasira kidogo, si juu yako. Hayo maneno ya mama mkwe wako nimeyasikia kwa masikio yangu, katika nyumba yangu, kutoka kwa watu waliokula chakula changu. "Umeshapona, acha kudeka."

Wanaonisoma siku zote wanakijua kisa. Nimonia iliyoanza kama mafua ya Julai, ikaingia kwenye damu, presha ikaporomoka, figo zikagoma, nikawekwa mashine ya kupumulia. Ya huko wodini sina cha kusimulia, nilikuwa nimelazwa usingizi kwa dawa. Ninachokijua ni cha baada ya kuruhusiwa, na hicho ndicho ambacho hakuna aliyenitayarisha nacho. Nilitoka na karatasi ya bili, karatasi ya dawa na tarehe ya kliniki.

Nyumbani walichinja kuku. Jumuiya ikaja, tukaimba. Nilikaa kwenye kochi natabasamu huku nawaza nitasimamaje wageni wakiondoka. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Ukishachuchumaa na mapaja hayana nguvu, huinuki, unamwita mumeo akushike makwapa. Mwanamke wa umri wangu, mhasibu, mama wa watoto wakubwa, namwita mtu aniinue chooni. Na bado kuna aliyeniambia nafanya uvivu.

Baadaye nilisoma kwamba wataalamu wa London waliupima msuli wa paja wa wagonjwa mahututi, wakachapisha matokeo 2013. Ndani ya siku 10 za kwanza msuli ulikuwa umesinyaa kwa karibu asilimia 18. Siku 10 tu! Haujaisha kwa sababu ya kulala kitandani tu, ugonjwa wenyewe unaula. Kwa hiyo anayemwambia mtu wa namna hii "jikaze" anamwambia akaze nini, wakati kilichokuwa cha kukazwa kimeliwa?

Halafu nywele. Miezi kama miwili, mitatu baada ya kutoka, zikaanza kubaki kwenye chanuo mafungu mafungu. Kucha zikaota mistari kwa upana. Sauti ilikuwa inakwaruza kwa ule mpira waliopitisha kooni. Nilikwenda kupima UKIMWI kimyakimya. Sina. Ni kwamba mwili ukipata mshtuko mkubwa husimamisha kazi zisizo za lazima, na nywele ni mojawapo, zikaja kupukutika baadaye. Zimerudi, tena nzito kuliko za awali, walioniona kwenye picha ya matokeo watasema.

Lakini kilichoniumiza kuliko choo na kuliko nywele ni dukani. Nimenunua vitu vya elfu tatu na mia saba, nimetoa elfu kumi. Nikasimama. Namba nilizozifanyia kazi maisha yangu yote, nazitazama hazisemi kitu. Kijana wa duka akanihesabia chenji taratibu, kwa heshima, na ile heshima yake ndiyo iliyonifanya nilie njia nzima.

Nilidhani ni mimi tu. Kumbe madaktari wa Vanderbilt, Nashville, Marekani, waliwafuatilia wagonjwa 821 waliolazwa kwenye wodi za namna hii na kuchapisha 2013. Miezi mitatu baadaye, wanne katika kila kumi waliopimwa akili zao zilikuwa zimeshuka kufikia kiwango kinachoonekana kwa watu waliopata jeraha la wastani la ubongo. Vijana nao walikuwemo. Na waliokaa siku nyingi wakiweweseka wodini ndio walioathirika zaidi. Tatizo hili lina hata jina rasmi. Wataalamu walikutana Marekani mwaka 2010 wakakubaliana kuyaita kwa pamoja madhara haya ya mwili, akili na hisia "post-intensive care syndrome", yaani madhara ya baada ya ICU, na kwa kifupi wanaandika PICS. Likague kwenye simu yako, kisha mwonyeshe mama mkwe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu wa nyumbani hawaulizi.

Mimi nilitoka hospitali na kumbukumbu. Si ndoto, narudia, kumbukumbu, wazi kuliko za harusi yangu. Nilikuwa nimefungwa mikono chini kabisa ndani ya meli, kunanuka dizeli. Watu waliovaa kijani walikuwa wanapatana bei ya figo zangu. Mlangoni alikuwepo mama yangu, aliyefariki nikiwa sekondari, anaomba aingie, na askari anamfukuza. Nilikaa na hayo muda mrefu. Nikisikia jenereta la jirani, jasho linanitoka. Nilipomweleza mume wangu alicheka, akaniangalia, akaacha kucheka. Mama mdogo akashauri mkesha wa maombi. Jirani akajua mtaalamu wa Bagamoyo. Mimi ni mtu wa sala na sidharau maombi ya mtu, ila mkesha uliisha asubuhi na meli yangu ikabaki pale pale.

Aliyenitoa kwenye meli ni wifi. Wanaotujua watacheka, maana mimi na wifi tulikuwa hatuivi chungu kimoja, na hata leo si kwamba tumekuwa mapacha. Lakini yeye ndiye aliyekaa koridoni siku zote zile, na kila jioni alikuwa anatuma sauti kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ili ndugu wa Songea na Mwanza wajue hali. Jioni moja nimegoma kula, akanipa simu yake. Akasema, "Wewe mjuaji, sikiliza."

Nikasikiliza kuanzia ya kwanza. "Leo wamemfunga mikono kwa bandeji, amevuta mpira wa kooni." Nikasimamisha. Nikarudisha. Nikasikiliza tena. Nyingine: "Umeme umekatika, jenereta limewaka hapo nje, koridoni kote kunanuka dizeli." Nyingine: "Madaktari wamesimama pale kitandani wanabishana kuhusu figo, kama waendelee kumsafisha damu au wangoje, na gharama mmezisikia." Nyingine, na hapa wifi mwenyewe anacheka kwenye sauti: "Mama mdogo kaja saa si saa ya kuona wagonjwa, kagombana na mlinzi mpaka aibu." Mama mdogo ana sauti ya marehemu mama, kila mtu anasema.

Wahasibu wenzangu watanielewa. Ni usuluhishi wa benki. Daftari lako linasema hivi, taarifa ya benki inasema vile, na tofauti si lazima iwe wizi, mara nyingi ni miamala iliyoandikwa kwa jina lisilo lake. Niliketi na zile sauti, jioni baada ya jioni, nikalinganisha mstari kwa mstari. Kila nilichokipatia jina lake halisi kiliacha kuniamsha usiku. Yamebaki mawili matatu ambayo hayajapata mwenzake mpaka leo, nayo nimeyaachia hapo.

Wenzetu wa Skandinavia wameligeuza hili kuwa sehemu ya kazi. Wauguzi wa huko wamekuwa wakiwaandikia wagonjwa mahututi shajara tangu miaka ya 1980: leo umefanyiwa hiki, leo mwanao amekuja, leo mvua imenyesha. Utafiti uliochapishwa 2010, kwenye hospitali 12 za nchi sita za Ulaya, uliwagawa wagonjwa 352. Waliopewa shajara yao mapema, asilimia 5 ndio waliopata ule msongo unaofuata tukio la kutisha, na waliocheleweshewa ni 13. Utafiti mwingine mkubwa wa Ufaransa, 2019, haukuona tofauti. Watafiti wabishane. Mimi nililala.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwako, mdogo wangu, na kwa kila anayeuguza: mtafutieni mgonjwa habari zake. Nani alikaa naye? Nani alipiga simu, nani alituma sauti, meseji za siku hizo zinasemaje? Ziandike kwenye daftari kwa tarehe. Siku ya kliniki omba muhtasari wa faili, ombeni kwa adabu lakini msiondoke bila kuelezwa alifanyiwa nini na kwa nini. Usimlazimishe kusikia. Weka daftari mezani, atalifungua akiwa tayari. Na akikueleza aliyoyaona usimwambie "ulikuwa unaota" wala usikimbilie kumtafutia majini. Muulize: kulikuwa na harufu gani? Sauti gani? Hapo utapata pa kuanzia. Ile feni, nina hakika ya kutosha kukuambia uichunguze. Pengine mlio wake unamrudisha wodini.

Ushauri wa pili ni ule ule: andika. Mimi niliandika kila kitu, dawa, madeni, nani nimemwahidi nini, sufuria iko jikoni. Kichwa kinapona polepole, na daftari linakishikilia mpaka kirudi. Nilipoanza tena kusoma kwa ajili ya mitihani nilikuwa naweza ukurasa mmoja kwa siku, kesho yake nimeusahau nusu, naurudia. Nimefaulu kwa ukurasa mmoja mmoja. Nyinyi mnaonisoma ni watu wa malengo, nawajua, mnataka vyeo na biashara na viwanja. Basi mkianguka mrudi kwa kuandika.

Chakula: mayai, dagaa, maharage, karanga, kila siku, kwa sababu msuli haujengwi kwa uji mtupu. Mazoezi: kukaa na kusimama kwenye kiti, kisha mlango mpaka geti, kisha dukani. Ukipata mtaalamu wa mazoezi ya viungo, nenda. Kama mtu anasema afadhali angekufa, hiyo si ya daftari wala ya blogu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Na kazi. Hapa nitaongea kwa uangalifu. Nilipokwenda kuripoti, bosi alinipokea kwa maneno matamu, "mama, afya kwanza, wewe pumzika," na dawati langu lilikuwa limekaliwa na kijana niliyemfundisha mwenyewe kufunga hesabu za mwezi. Sina ugomvi na yule kijana. Ila naandika hili mjue haki zenu kabla hamjatabasamu na kuondoka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa wa Tanzania likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, mradi ulete cheti cha daktari. Peleka cheti. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Na usione aibu kuchelewa kurudi. Huko Toronto, Margaret Herridge na wenzake waliwafuatilia watu 109 waliopona mapafu yaliyoshindwa kabisa, wakaandika 2003. Walikuwa watu wa makamo, umri wa katikati miaka 45. Mwaka mzima baadaye ni karibu nusu tu waliokuwa wamerudi kazini. Toronto hiyo, yenye kila kitu. Wewe wa Mbagala unaambiwa urudi baada ya wiki mbili?

Ndugu zangu wa karibu na wagonjwa, nawaambia na nyinyi. Mkija kumwona mtu aliyetoka ICU msilete tu mahubiri ya "shukuru Mungu". Anashukuru. Leteni mayai, mshikeni mkono mkatembee naye mpaka getini. Na muulizeni anayemuuguza amelala saa ngapi. Wifi yangu, yule mwenye sauti kali, alikaa mwaka mzima akishtuka simu ikiita usiku, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza. Dada uliyeniandikia, wewe pia unahesabika.

Kuhusu bodaboda, hapana, si wiki ijayo. Mtu anayesahau na asiyelala hawezi kubeba abiria Morogoro Road. Siku ya kliniki sema wazi kwamba anaendesha pikipiki, wampime macho, nguvu za mikono na umakini, kisha wao wakupe jibu. Kwa sasa aende kijiweni kwa miguu akakae na wenzake, hilo lenyewe ni zoezi na ni dawa. Pikipiki apewe dereva mwingine aliyekubalika, alete hesabu, mgawane. Kama ni ya tajiri, yaani mwenye pikipiki ni mtu mwingine, nenda na cheti cha daktari umwombe ampe deiwaka, dereva wa muda, mpaka mumeo arudi, na muandikishane. Tajiri akileta maneno, nitumie namba yake. Barua nitaiandika mimi, na muhuri wa CPA ninao.