Nilichokiona Bisie, Walikale

Ndugu aliyeuliza iwapo migodi mikubwa ndani ya misitu ya mvua huinufaisha nchi ameuliza jambo nililolibeba mgongoni, wala sisemi hivyo kwa mafumbo. Mwaka 2007, nikiwa na miaka 19, nilikuwa mpagazi katika kilima cha Bisie, Walikale, jimbo la Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo (DRC). Gunia la kasiterite, jiwe litoalo metali ya bati, lilikuwa na kilo 50, na kutoka kilimani hadi kijiji cha Njingala tulitembea siku mbili katika matope ya msitu, tukipita vizuizi vya watu wenye bunduki, kila kizuizi kikiwa na bei yake. Kutoka hapo mzigo ulipelekwa Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya lami ya barabara na kuupeleka Goma. Waliotajirika walikuwa wenye bunduki na wenye mashimo; serikali iliambulia makombo.

Kwa hiyo siwaungi mkono wanaosema kwamba uchimbaji mdogo uachwe tu kwa kuwa hauharibu msitu. Kilimani tuliishi maelfu, na maelfu ya watu hula, huota moto na huhitaji nguzo za kushikilia mashimo yasiporomoke. Miti ilikatwa kila siku, na nyama ya porini iliyokaushwa ilikuwa rahisi kupatikana kuliko maharagwe.

Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alipiga marufuku uchimbaji katika majimbo ya Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Baadaye ilikuja kampuni ya madini ya Alphamin, ikachimba chini ya ardhi hapo hapo Bisie na kuanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2019. Mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani 17,000 za bati. Kiasi hicho hupimwa na kuandikwa, jambo ambalo gunia langu halikuwahi kufanyiwa na mtu yeyote wa serikali aliyetoa risiti. Hapo ndipo faida ya kwanza kwa nchi ilipo, ingawa serikali ina asilimia 5 tu ya hisa za mgodi ule, ilhali sheria ya madini ya mwaka 2018 inataka asilimia 10 kwa leseni mpya, na ingawa kinachosafirishwa ni unga wa madini uliochekechwa, kazi ya kuuyeyusha ikifanyika ng'ambo pamoja na ajira zake.

Lakini neno «nchi» linaficha mengi. Sheria hiyohiyo inagawa mrabaha, yaani malipo ya mgodi kwa madini unayoyatoa, hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta au uchifu, yaani utawala wa vijijini, ambamo mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mimi ningepigania ile 15 kuliko zote, kwa sababu ndiyo pekee ambayo mwanakijiji anaweza kuifuatilia kwa miguu. Katika kijiji cha mama yangu zahanati imepakwa rangi mara mbili, lakini wajawazito bado wanabebwa kwa pikipiki. Tulipouliza katika mkutano fedha zimekwenda wapi, tulijibiwa kwamba hesabu ziko mjini.

Kuhusu msitu, mgodi wa chini ya ardhi wenyewe hauli eneo kubwa. Kinachoula ni barabara. Ile iliyofika Bisie ilituondolea adha ya magunia, na papo hapo ikaleta wakata mbao, wachoma makaa na mashamba mapya, katika teritori (wilaya) ya Walikale inayobeba pia sehemu ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, makazi ya sokwe wakubwa (gorila) wa nyanda za chini. Anayetoa leseni ya mgodi bila kuamua nani atailinda barabara ameuza msitu kwa bei ya bati.

Machi 2025 waasi wa M23 walipofika Walikale, mgodi ulisimama, ukafunguliwa tena Aprili. Mpwa wangu, dereva huko, alirudi nyumbani akalima mihogo wiki kadhaa. Alipoitwa tena kazini nilifurahi, nikamwomba apite ofisi ya sekta aone kama kiasi cha ile asilimia 15 kimebandikwa ukutani. Alicheka, akaniuliza ni ukuta gani.