Usimuulize Mtu "Umeionaje?" Muvi Ikiisha

Ukishamwonyesha mtu muvi, usimuulize "umeionaje?" Atakujibu "nzuri" au "ya kawaida", basi, na wewe utabaki pale pale. Mimi hili nimelijua kwa kuchelewa, baada ya karibu miaka miwili ya kutundika shuka jeupe kwenye ukuta wa banda la kuku hapa nyumbani Tanga, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kuwaita majirani. Projekta niliinunua kwa mtu aliyekuwa anafunga kibanda chake. Spika ya kuazima. Kiti kila mtu anakuja nacho.

Mara nyingi tunaangalia za ngumi na za Kihindi, na hizo hazina ubishi mkubwa. Stelingi anapigwa, stelingi anapona, adui anapata anachostahili, watu wanaenda kulala. Kazi iko kwenye zile zilizochanganywa: mapenzi, vichekesho, na humo humo kuna maiti na hela ya wizi. Hapo uwanja unagawanyika. Mmoja anasema hajawahi kucheka hivyo, mwingine anasema umempotezea usiku wake, na wote walikaa jamvi moja.

Nitaeleza kupitia moja tu, Charade ya mwaka 1963, kwa sababu ndiyo iliyonitoa ushamba. Mwanamke kijana, Regina, anarudi Paris kutoka mapumzikoni kwenye milima ya theluji, akiwa ameshaamua kudai talaka. Anakuta nyumba imefagiliwa, hata pazia hakuna, na mume amekufa: katupwa kutoka kwenye treni. Kumbe marehemu aliwadhulumu wenzake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walitumwa kuwapelekea dhahabu Wafaransa waliokuwa wakipambana na Wajerumani kwa siri, dhahabu ya dola 250,000, wakaiiba. Kisha yeye akawazunguka akachukua yote peke yake. Sasa wenzake wanaitaka, na kila mmoja anaamini mjane anajua ilipo. Hajui. Hapo anajitokeza bwana mmoja mtanashati, mpole, mwenye maneno ya kuchekesha, anayejitolea kumsaidia. Kila ukimzoea unagundua jina alilokupa si lake. Regina ni Audrey Hepburn, bwana ni Cary Grant, na mwongozaji ni Stanley Donen, mtu aliyetokea kwenye muvi za kuimba na kucheza.

Kosa la kwanza usiku ule lilikuwa langu. Mimi ndiye ninayetafsiri, nimesimama pembeni na maiki. Waliokulia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani, wanajua kazi ile: sauti ya mtafsiri ndiyo inayowaambia watu wakae vipi. Nilipoona muvi inaanza na maiti ya kwenye reli, nikashusha sauti chini kabisa, ile ya kutisha, ya muvi za majini. Kumbe dakika chache baadaye tunaonyeshwa Regina amekaa kwenye baraza la hoteli anakula, na bastola inatokeza taratibu kumwelekea. Nikazidi kunguruma kwenye maiki. Watoto wakajificha kwenye khanga za mama zao. Bastola ikafyatuliwa, yakatoka maji. Mtoto wa rafiki yake alikuwa anacheza.

Pale ndipo mwongozaji anapokupa masharti ya mchezo wote. Maiti ni ya kweli, bastola ni ya maji, na kuanzia hapo utakuwa unahama kutoka moja kwenda nyingine bila kupigiwa honi. Mimi nilikuwa nimeshawatisha watu, na mtu aliyetishwa hacheki hata ukimtekenya. Kwa hiyo kama wewe ndiye unayetafsiri, au hata kama unamsimulia tu mwenzako kabla hamjawasha, usiiite ya kutisha wala usiiite ya mauaji. Mwambie: ni ya mwanamke anayempenda mtu ambaye huenda ndiye muuaji, na yeye mwenyewe anachekesha. Maneno hayo yanatosha.

Sasa msiba. Marehemu kalazwa kanisani kwenye jeneza lililo wazi. Waombolezaji hawazidi watatu: mjane, rafiki yake, na inspekta wa polisi anayekata kucha. Wanaingia wanaume watatu mmoja mmoja. Wa kwanza anafika kwenye jeneza, anapiga chafya mfululizo, anaondoka. Wa pili anamwekea marehemu kioo chini ya pua kuona kama anapumua. Wa tatu, jitu zima, anachomoa pini na kumchoma nayo maiti.

Wenzangu mtandaoni hapo huwa wanakufa kwa kicheko. Kwetu uwanja ulinyamaza. Nilisikia jenereta ya jirani tu. Kijana mmoja wa bodaboda akaguna kucheka, dada yake akamfinya. Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa ametutembelea kutoka Muheza na amekaa mbali nami kama heshima ilivyo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Maiti hachezewi." Akavuta mtandio wake.

Ningemuuliza palepale "mama, umeionaje?", angeniambia mbaya, na ningeandika kwenye daftari langu kwamba muvi hii haifai kwa watu wazima wa huku. Lakini zikapita dakika kama ishirini tukafika kwenye klabu ya usiku, kwenye ule mchezo wa kupokezana chungwa kwa kidevu bila kugusa kwa mikono, mwanamume kwa mwanamke, na Cary Grant akaangukia zamu ya mama mmoja mnene. Mama mkwe alicheka mpaka akashika ubavu. Mtu wa Muheza, machungwa ameyaona ya kila namna, lakini si hivyo. Baadaye mtu alipokufa kwenye beseni la kuogea hakutikisika wala hakulalamika. Kifo hakikuwa tatizo lake. Tatizo lake lilikuwa adabu ya msiba.

Ndiyo maana siku hizi nauliza maswali mengine. Ulicheka wapi? Ulishtuka wapi? Na lile ninalolipenda kuliko yote: ulianza kumwamini yule bwana lini, na ukaacha lini? Mtu akijibu hayo anakuwa ameshakupa maoni yake yote bila kujua.

Jaribu swali la tatu uone. Usiku ule lilitukalisha mpaka karibu saa sita. Mke wangu alisema alimwamini tangu mwanzo na hakuacha hata mara moja, "mwanaume anayeoga na suti yake amevaa hawezi kuwa muuaji", na kweli sehemu hiyo ipo, anaingia bafuni na suti na saa mkononi, anajisugua, huku Hepburn anamtazama mlangoni. Yule wa bodaboda hakumwamini hata dakika moja: "Abiria akinipa majina mawili simpakii." Binti wa jirani anayesoma sheria alisema swali lenyewe si la haki, kwa sababu Regina hana mtu mwingine wa kumwamini, ukibakiwa na kamba moja huulizi imetengenezwa na nani. Sikuwa nimeliona hilo, na niliitazama mara tatu.

Yeye huyo binti ndiye aliyesema jambo ambalo wengi hulisema: "Mbona baba yake?" Ni kweli. Muvi ilipotoka Grant alikuwa na miaka 59 na Hepburn 34. Mwenyewe Grant jambo hilo lilimkera kabla hata hawajaanza kupiga picha. Hakutaka kuonekana mzee anayemfukuzia binti. Mwandishi, Peter Stone, akageuza: binti ndiye anayemfukuzia mzee, na mzee anakimbia huku akitaja umri wake. Nusu ya vichekesho vya mapenzi humo vimetokana na wasiwasi huo. Nilipomweleza binti alifikiri kidogo, akasema bado ni baba yake. Haya. Maoni hayafutwi na maelezo, na usipoteze nguvu kujaribu.

Kuhusu polisi sina la kuwatetea. Inspekta hafanyi kitu, mjane anakaa hoteli moja na watu wanaomtishia, na mtu mwenye akili angepanda ndege akaondoka. Waliokuja kutafuta upelelezi walilalamika sana hapo, na wana haki yao. Ila kwenye muvi za namna hii uhalifu ni kama kamba ya ngalawa: inawafunga wawili wasiweze kuachana. Ukiikagua nyuzi moja moja utaona imechakaa, lakini kazi yake inaifanya.

Ndivyo ninavyoyasoma na maoni ya watu mtandaoni kabla sijapakua chochote. Siangalii nyota ngapi. Naangalia mtu amelalamikia nini. Akisema "kesi yenyewe haina mantiki", najua alikuja na kichwa cha mpelelezi, na huenda mimi nikaipenda. Akisema "wamecheka lakini hawapendani", hapo naogopa, maana hiyo ikikosekana kamba haina cha kufunga. Na akisema mauaji yamezidi, namsikiliza. Hata Bosley Crowther, mhakiki wa New York Times wakati ule, alilalamika kwamba ukatili ni mwingi mno kwa kitu kinachojiita cha kuchekesha. Zaidi ya miaka 60 baadaye, kwenye uwanja wa mchanga, mama mkwe wangu naye akaona kuna mahali kicheko hakifai, ingawa kwake ilikuwa adabu ya msiba, na hawakupata kujuana.

Tena mtazamaji haji na kichwa kitupu, anakuja na siku yake. Rais Kennedy aliuawa tarehe 22 Novemba 1963. Charade ilikuwa imeshakamilika, ikisubiri kufunguliwa New York mapema Desemba. Ndani yake wale wawili wanatembea wanapiga soga, na Hepburn anataja utani kwamba wakati wowote wanaweza kuuawa, akitumia neno lile lile la Kiingereza lililokuwa kwenye kila gazeti la wiki ile. Ikabidi sauti irekodiwe juu yake na neno jingine, la "kuondolewa". Ukiitazama nakala za zamani utaona midomo na sauti haviendani. Utani uliokuwa hauna kosa mwezi mmoja nyuma ulikuwa hausemeki tena. Kwa hiyo kama jirani amezika wiki iliyopita, ahirisha ya msiba wa kuchekesha. Weka ngumi.

Mambo madogo madogo. Nakala: usichukue ya kwanza unayoikuta. Studio ilipoweka maandishi ya haki miliki mwanzoni ilisahau neno moja ambalo sheria ya Marekani ya wakati ule ililitaka, na muvi ikawa mali ya umma huko siku ile ile ilipotoka. Faida yake ni kwamba iko kila mahali bure. Hasara yake ni kwamba kila mtu kaichapa anavyojua, na nyingi zimefubaa, nyuso kama embe bovu. Ya kwanza niliyopakua ilikuwa na sauti ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. Tafuta iliyosafishwa. Ni muvi ya dakika 113, kwa hiyo anza mapema kama kuna watoto wa shule. Kuitazama na wakwe hakuna tabu: mabusu yapo, ya kizamani, hakuna cha kuwafanya watu waanze kutafuta viatu.

Na mwisho wake usiuseme. Shemeji yangu alishausoma kwenye simu na akaanza kuunong'ona katikati. Nilimtuma akaangalie jenereta ambayo si yetu. Hela ilikofichwa, hata mimi hapa siandiki.

Ila kuna mzee mmoja mstaafu wa mtaani kwetu ambaye huja na kigoda chake, hukaa nyuma kabisa na haongei. Vitu vya marehemu vilipotolewa mkobani, nilimwona akinyanyuka, akapiga paja lake kofi, akakaa tena. Nikadhani mbu. Saa nzima na zaidi ikapita, siri ikafunuliwa, uwanja mzima ukapiga kelele, watoto wanarukaruka, yeye kimya. Zamu yake ilipofika nikamuuliza: mzee, ulishtuka wapi?

"Sikushtuka," akasema. "Nimeifanya kazi ile miaka ishirini na saba."

Kazi gani, ukiitazama utajua. Mwezi uliofuata alikuja kabla sijatundika shuka, akaweka kigoda chake mbele kabisa, akaniuliza kama leo kuna nyingine yenye mizigo ya kupekuliwa.