Maswali na majibu: Ushindani wa maduka huamuliwa mlango wa nyuma

Barua za safari hii zimeleta swali moja lililovaa nguo tofauti tofauti. Naanza nalo.

Swali: Duka kubwa likishusha bei, sisi wanunuzi tunafaidi. Malalamiko yanatoka wapi?

Nimelijibu mara nyingi na bado linarudi, kwa sababu wengi wenu mnaishia mlango wa mbele: mnasoma bei kwenye rafu, mnalipa, mnaondoka. Zungukeni nyuma, kule mizigo inakoshushwa. Huko ndiko inakojulikana nani atabaki sokoni na nani atafunga.

Bei inaweza kushuka kwa sababu duka limepanga vizuri usafirishaji, halipotezi mali ghalani na linaridhika na faida ndogo kwa kuuza haraka. Huo ni ushindani halali na naushangilia. Lakini inaweza pia kushuka kwa sababu duka limembana mzalishaji mpaka akakubali bei ambayo hawezi kumpa mtu mwingine. Mzalishaji huyo ana mishahara ya kulipa, kwa hiyo anaweza kulifidia pengo kwa kuwapandishia wenye maduka madogo. Wachumi huiita athari ya godoro la maji: ukikandamiza upande huu, ule unainuka. Mwenye duka dogo anaonekana mlanguzi, mnamkimbia, anafunga. Kosa lake ni lipi?

Kuna na bei ya kuua, yaani kuuza kwa hasara kwa makusudi ili mshindani afe. Diapers.com iliuza nepi kwa mtandao ikanawiri. Amazon ikazishusha nepi zake bei kwa nguvu. Nyaraka zilizotolewa mbele ya Bunge la Marekani mwaka 2020 zilionyesha ilikuwa tayari kupoteza zaidi ya dola milioni 200 kwa mwezi mmoja katika vita hiyo. Mwaka 2010 ikaichukua kampuni mama ya Diapers.com, na mwaka 2017 ikatangaza kuifunga. Aliyefurahia nepi za bei ya chini alifurahia kwa muda. Duka mbadala halikurudi.

Swali: Kwa hiyo Amazon ndiyo iliyoanzisha haya yote?

Hata kidogo. Anayedhani tatizo lilikuja na intaneti ataendelea kutafuta dawa kwenye kompyuta.

Kampuni ya A&P ilianza na biashara ya chai mjini New York mwaka 1859. Kufikia 1930 ilikuwa na maduka ya vyakula zaidi ya 15,000 nchini Marekani. Nguvu yake ilikuwa kwenye ununuzi: ilikwenda moja kwa moja viwandani, ikadai punguzo ambalo wengine hawakupewa, ikadai hata kamisheni ya udalali kwa bidhaa ilizojinunulia yenyewe. Wenye maduka madogo walipiga kelele mpaka Bunge likapitisha sheria ya Robinson-Patman mwaka 1936, inayozuia mzalishaji kuwauzia wanunuzi wanaoshindana kwa bei tofauti bila sababu ya msingi.

Kesi yenyewe ilikuja baadaye. Mwaka 1946 A&P ilitiwa hatiani kwa kuvunja sheria inayozuia ukiritimba, na mwaka 1949 mahakama ya rufaa ikakubaliana na hukumu hiyo. Kilichonigusa katika kesi ile ni kampuni yake tanzu iliyokuwa dalali wa matunda na mboga. Iliinunulia A&P, na wakati huohuo ikawauzia washindani wa A&P na kuchukua kamisheni yao. Mshindani alikuwa akimlipa adui yake ili apate bidhaa. Sasa linganisheni na mfanyabiashara wa leo anayelipa ada ili auze kwenye soko la mtandaoni ambalo mwenye soko naye anauza bidhaa zilezile. Miaka karibu 80 imepita na mpango ni uleule.

Jambo moja ambalo watunga sheria wangelikumbuka: majimbo kadhaa yalitoza kodi kwa kuhesabu maduka, na mwaka 1931 Mahakama ya Juu iliibariki ile ya Indiana. Kodi hiyo ilichangia kuisukuma A&P kufunga vijiduka vingi na kufungua supamaketi chache kubwa. Ukipima kisichostahili kupimwa, unamwonyesha mkubwa njia ya kukua zaidi.

Swali: Walmart ni kubwa mno. Kwa nini isivunjwe tu?

Kwa sababu ukubwa peke yake si kosa. Leteni kitendo kinachozuia ushindani.

Swali: Duka lisilo na hata robo ya soko linaweza kweli kuzuia ushindani?

Hili ni swali la mtu aliyefikiri, nalishukuru. Ndiyo, linaweza. Toys "R" Us ilikuwa na takribani asilimia 20 ya soko la vinyago Marekani. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 maduka ya ghala kama Costco, yanayowauzia wanachama wake kwa wingi, yalikuwa yakiuza vinyago kwa bei ya chini sana. Badala ya kushusha bei zake, Toys "R" Us iliwaendea watengenezaji mmoja mmoja, wakiwemo Mattel na Hasbro, wakubali kutowauzia wenye maghala bidhaa zilezile. Kila mmoja alikubali kwa kuhakikishiwa kwamba wenzake nao wamekubali. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ilithibitisha kwamba huo ulikuwa uvunjaji wa sheria. Asilimia 20 zilitosha, kwa sababu hakuna mtengenezaji aliyethubutu kuzipoteza.

Swali: Ada ya rafu ni nini?

Ni fedha anayolipa mzalishaji ili bidhaa yake ikubaliwe dukani au ikae mahali panapoonekana. Kwenye rafu, mkono mtupu haulambwi. Duka hujitetea kwamba bidhaa mpya nyingi hufeli na nafasi ni ghali, na utetezi huo una ukweli. Lakini kampuni kongwe hulipa bila kuhisi, na mwenye bidhaa bora asiye na mtaji hubaki nje. Mnunuzi hatajua kamwe alichokikosa.

Swali: Duka kuuza bidhaa za chapa yake lenyewe kuna ubaya?

Chapa ya duka haina ubaya. Mara nyingi inaishikisha adabu chapa maarufu. Ubaya ni duka kuchungulia takwimu za mauzo za wanaouza kwake, kisha kuzitumia kushindana nao. Desemba 2022 Amazon iliiahidi Tume ya Ulaya kwamba haitatumia takwimu za siri za wauzaji kwa njia hiyo.

Swali: Nina kiwanda kidogo. Duka moja linachukua sehemu kubwa ya mzigo wangu na sasa linachelewesha malipo. Niondoke?

Usiondoke kwa hasira, lakini anza leo kutafuta wanunuzi wengine, hata wadogo, hata kwa faida ndogo zaidi. Unapomtegemea mnunuzi mmoja, yeye ndiye anayepanga bei yako. Makubaliano yote yawe kwa maandishi: tarehe ya malipo, punguzo, nani anabeba hasara ya mali iliyorudishwa. Ukikatwa fedha, dai maelezo siku hiyohiyo.

Usidhani ni wewe peke yako. Uingereza ilimweka msimamizi maalumu wa kanuni kati ya supamaketi kubwa na wanaoziuzia, na mwaka 2016 alibaini kwamba Tesco ilikuwa imechelewesha malipo ya wasambazaji, mengine kwa zaidi ya mwaka. Bila karatasi, madai kama hayo ni magumu kuyathibitisha. Zako ziko wapi?