Barua ya Lord Byron: saini ni yake, lakini barua je?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Leicester, na mwaka huu nimeanza kukusanya barua na saini za waandishi wa Uingereza. Katika duka la vitabu vikuukuu nimeoneshwa barua ya mshairi Lord Byron, imeandikwa Venice tarehe 27 Aprili 1819, kwenda kwa mhariri wa gazeti la Galignani la Paris. Karatasi imezeeka na ina mikunjo. Nimelinganisha saini na picha za kwenye intaneti, zimefanana kabisa. Bei ni pauni 900 na nimeshaweka arubuni ya pauni 100. Nimalizie?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimalizie kwanza. Hata sijaiona hiyo karatasi, lakini tarehe uliyoitaja inatosha kunishtua.

Byron aliiandika kweli barua hiyo. Mwezi huohuo hadithi iitwayo The Vampyre ilikuwa imechapishwa London kwa jina lake, ilhali mwandishi wake alikuwa John Polidori, aliyewahi kuwa daktari wake. Byron akamwandikia mhariri kukana kwamba ni yake. Baadaye Galignani alipochapisha kazi za Byron huko Paris, alitia ndani ya kitabu nakala ya barua hiyo iliyochapwa, mwandiko na saini vikiwa vilevile. Nakala hizo zilikunjwa zienee kitabuni. Vitabu vilipochakaa zikachomolewa, na tangu hapo zimekuwa zikizunguka madukani na kwenye masanduku ya urithi. Wengi wanaozimiliki wanaamini kwa moyo safi kwamba wana barua halisi, kwa hiyo usimwite muuzaji wako tapeli.

Sasa unaona kwa nini saini imefanana. Ni ya Byron kweli, ila ulichooneshwa huenda ni picha yake. Kulinganisha umbo la saini kunasaidia kumnasa mtu aliyeghushi kwa mkono. Mbele ya nakala ya kuchapwa, hakukusaidii kitu.

Rudi dukani na lenzi inayokuza mara kumi na tochi ndogo. Tafuta mahali ambapo mistari miwili ya wino inakatana, kwa mfano pale kistari cha herufi t kinapopita. Kalamu ya unyoya ikipita juu ya mstari uliokwisha kuandikwa, wino unakuwa tabaka mbili na makutano yanakoleza. Kwenye chapa, makutano yana rangi ileile ya mistari yenyewe. Kisha fuata sentensi nzima taratibu. Mwandishi alikuwa akichovya kalamu, anaandika maneno kadhaa, wino unafifia, anachovya tena. Utaona weusi ukipanda na kushuka kama pumzi. Chapa haina pumzi hiyo. Mwisho, laza tochi karibu na karatasi mwanga upite kwa ubavu: ncha ya unyoya mara nyingi huacha mfereji mwembamba, na wino wa zamani wenye madini ya chuma huwa umeingia ndani ya karatasi, pengine hadi unaonekana kwa nyuma. Usijaribu kulowesha hata kwa tone moja la maji.

Tazama pia lakiri. Kabla ya mwaka 1840 posta ya Uingereza ilihesabu bahasha kama karatasi ya pili, na gharama ikaongezeka. Watu wakawa wanaikunja barua yenyewe, wanaandika anwani kwa nje na kuifunga kwa lakiri. Barua ya aina hiyo mara nyingi hubaki na doa la lakiri na mahali palipochanika ilipofunguliwa.

Halafu uwe na desturi ya kusoma barua inasema nini kabla ya kuutazama wino. Mwaka 1852 mshairi Robert Browning aliandika utangulizi wa kitabu cha barua za mshairi Shelley, barua zilizokuwa zimenunuliwa mnadani. Kitabu kilipotoka ikagundulika kwamba kipande cha barua mojawapo kilinakiliwa kutoka makala ya gazeti. Barua zilikuwa za kughushi, na mchapishaji akakiondoa kitabu sokoni. Aliyeugundua ujanja ule alikuwa ni mtu aliyeyatambua maneno ya makala ya baba yake.

Kuhusu arubuni, mwombe muuzaji akuandikie kwenye risiti maneno haya: barua ya mkono wa Byron, si nakala iliyochapwa, na fedha zitarudishwa ikithibitika vinginevyo. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Akisita, mwoneshe ile mistari inayokatana na umwombe pauni zako 100. Nakala hiyo ni kitu kizuri kuwa nacho ukutani, lakini kwa bei ya nakala.

Na kama bado una hamu ya kununua, pauni 900 zinaweza kukupatia barua halisi na kamili ya mwandishi asiye na jina kubwa la karne ya 19. Mimi ningechukua hiyo, hata kama ni mistari minne ya kukataa mwaliko wa chakula, kuliko saini tupu iliyokatwa kwa mkasi ikabandikwa kwenye albamu. Watu wa enzi ya Malkia Victoria walizikata barua nyingi hivyo. Kipande kidogo kama hicho hakina tarehe, hakina jina la mpokeaji wala maneno, na bila hivyo sina pa kuanzia kukuthibitishia chochote.