Mawazo yamekauka, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo dada. Mi niko Tanga, nachora michoro ya khanga na tisheti, wateja ninao kidogo kidogo. Shida yangu mawazo yameniishia kabisa, kila nikikaa kuchora naingia kwenye simu natafuta picha za watu, nabadili rangi nasogeza maua nimemaliza. Juzi mteja kaniambia wazi, "hii mbona nishaiona mahali?" Iliniuma sana dada. Mawazo mnayatoa wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole, hilo neno la mteja hata mi lingeniuma. Simu haina ubaya wowote ila inakupa wali ulioiva, na wali ukishaiva ndo ushakuwa wali, huwezi kuugeuza pilau. Wewe unatafuta mchele.

Anza na jina la kazi yako mwenyewe. Inasemekana khanga iliitwa hivyo kwasababu zile za mwanzo zilikuwa na madoa kama ya yule ndege kanga. Basi jirani yetu anafuga, mwaka jana nikamuomba manyoya mawili nikakaa nayo mezani asubuhi nzima. Lile la mwilini lina madoa meupe ya duara yamejipanga safu kwa safu, na ukilisogeza karibu na jicho unaona ile sehemu iliyo kati ya doa na doa sio nyeusi tupu, ina vistari vyembamba vyembamba kama mtu kachora kwa sindano, afu lile la bawa pembeni madoa yanavutika yanaungana yanakuwa mistari. Nikashtuka manake hapo tayari nna mji, ile sehemu ya katikati ya khanga, na nna pindo la kuizunguka! Madoa yakakaa mjini, ile mistari ya bawa ikazunguka pindo, likabaki jina tu la kutafuta, yale maneno yanayoandikwa kwenye khanga. Kwenye simu nisingekiona hicho hata ningeperuzi mwezi.

Ila usinielewe kwamba nakwambia uchore ndege. Kuna injinia mmoja Mjapani, Eiji Nakatsu, mpenzi mkubwa wa ndege, treni zao za kasi zilikuwa zikitoka kwenye handaki zinapiga kishindo mpaka watu wa jirani wanalalamika. Akamfikiria mdiria, anavyochoma maji na ule mdomo mrefu bila kurusha maji mengi, na treni iliyoanza kazi 1997 ikatoka na pua ndefu ya mita 15, kishindo kikapungua. Hakuna picha ya mdiria pale kwenye bodi, alichochukua ni ile namna ndege anavyoitatua shida yake. Hicho ndo nataka ukitafute.

Na mzee wetu Edward Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar 1968 alitumia hadibodi na rangi za baiskeli, vitu ambavyo fundi yeyote mtaani anavyo. Ukiangalia mng'ao wa zile picha utajua rangi yenyewe ndo imeubeba mtindo. Alifariki 1972, miaka minne tu, na mpaka leo watu wanaishi kwa mtindo wake. Wengi wanakopi wanyama wake, mi ningekuuliza hapo Tanga una nini mkononi? Mkonge je, umewahi kuukata ukaangalia nyuzi zake zilivyolala?

Wiki hii chukua kitu kimoja tu, ukichore mara 20 bila kugusa simu. Zile kumi za mwanzo zitakuwa mbaya, we endelea.

SWALI: Habari dada, mi nataka kutengeneza filamu fupi, muvi naangalia kila siku ila naona sijifunzi kitu.

JIBU: Nzuri kaka yangu. Punguza idadi. Tafuta riwaya ya Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, soma sura moja, afu chora kwenye daftari wewe ungeipigaje, kamera ikae wapi, nani aonekane kwanza, mwanga utoke dirishani au kwenye taa. Ukishamaliza ndo utafute filamu yake ya 2021 aliyoongoza Amil Shivji, uangalie na sauti umezima. Pale alipofanya tofauti na daftari lako simamisha, rudisha nyuma, ujiulize kwanini kafanya vile. Ukipata mfano mmoja mzuri niandikie, nataka kuuona.