Posho zipunguzwe? Kwanza walete barua ya mtendaji

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama posho za wabunge zipunguzwe ili fedha ziende hospitali za umma. Jibu langu ninalo tangu Januari 2012: zisipunguzwe, zifutwe kabisa. Ngoja nieleze.

Wengi mnakikumbuka kipindi kile. Mwishoni mwa 2011 tukasikia posho ya kikao imepanda kutoka sh 70,000 hadi 200,000, na Spika Anne Makinda akathibitisha, eti maisha ya Dodoma yamepanda. Mbunge Zitto Kabwe alikuwa ameshaikataa ya kwake miezi kadhaa kabla. Mwaka ulipogeuka madaktari wakagoma, na katikati ya mgomo ngiri ya baba ikabana.

Tulifika hospitali ya rufaa ya mkoa saa nne usiku. Nesi akaniambia daktari aliyebaki ni mmoja, mtu mzima, hakugoma, na muda ule yuko chumba cha upasuaji na mama mjamzito. "Wakati tunamsubiri, kaka, kanunue vifaa." Akachana ubavu wa boksi la dawa, akaandika: glavu, dripu tatu, kanyula, mpira wa mkojo, nyuzi, plasta. Duka la dawa lilikuwa ng'ambo ya barabara, na muuzaji hakumaliza hata kuisoma orodha. Mikono yake ilikuwa inajua rafu. Jumla sh 38,000. Mfukoni nilikuwa na 40,000, nikabaki na hela ya chai.

Niliporudi nesi akauliza umri wa mzee. Sabini na moja. Akashika kiuno. "Mbona huyu hapaswi kulipa? Kuanzia sitini, asiye na uwezo ni bure. Asubuhi nenda ustawi wa jamii."

Asubuhi, baba ameshatoka kwenye kisu na anakoroma, nikaenda. Afisa akataka barua ya mtendaji wa kijiji, yenye picha na muhuri, kuthibitisha kwamba mzee ni mzee na kwamba hana uwezo. Nikamwambia yupo wodini hapo, kitanda cha dirishani, kichwa cheupe kama pamba, meno ya mbele hana hata moja, twende ukamwone. Akacheka, na ninaamini alicheka kwa huruma. "Naelewa, ndugu yangu. Lakini mkaguzi akija hatazami meno." Nikampigia mdogo wangu kijijini aanze kumtafuta mtendaji, ambaye alikuwa msibani. Halafu nikakaa kwenye benchi la nje. Redio ya mlinzi ilikuwa inazungumzia posho. Nikapiga hesabu: kikao kimoja cha mbunge mmoja kinanunua orodha ile mara tano, na chenji ya sh 10,000 inabaki.

Hasira ile ndiyo iliyonifanya niwaandikie. Ila nilipofika hapa nimemkumbuka yule daktari. Siku ya pili alikuja kumtazama baba, macho mekundu, akasema posho yake ya zamu haijalipwa kwa miezi mitano, na kwamba wenzake waliogoma anawaunga mkono, sema tu miguu yake ilikataa kutoka. Na kweli, posho zilikuwa ndani ya madai ya madaktari. Sasa nikidai posho zifutwe, nina wasiwasi kisu kitaanza na yeye. Mbunge atatafutiwa jina jingine la fedha ileile.

Halafu kuna hesabu yenyewe. Mwaka 2015 Rais Magufuli aliagiza fedha za tafrija ya wabunge baada ya kuzindua Bunge zikanunue vitanda vya Muhimbili, na vitanda vikaenda. Nilishangilia, na ningeshangilia tena leo. Lakini tafrija unaifuta mara moja, glavu zinavaliwa na kutupwa kila siku. Chukua wabunge 350 kwa sh 200,000: milioni 70 kwa kikao. Si haba, ila nchi nzima itazimaliza kabla hujapata usingizi. Viongozi wa Afrika walikaa Abuja mwaka 2001 wakaahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Tungekuwa tunawadai hiyo kwa makelele haya haya, posho ingebaki maneno ya kijiweni.

Kwa hiyo jibu langu, na silo nililokuja nalo, ni hapana. Wasipunguziwe, walau si kwa sasa, na kesho mkiniuliza nikiwa nimetoka dirisha la dawa naweza kusema vingine. Ninachotaka ni mbunge aidai posho yake kama mimi nilivyoudai msamaha wa baba: athibitishe kwamba alikaa kikaoni mpaka mwisho, isiwe kusaini mlangoni na kwenda zake. Akae kwenye benchi, aambiwe arudi kesho na picha. Mke wangu amesoma mpaka hapa akaniuliza nimehongwa shilingi ngapi.

Barua ya mtendaji ilipatikana, kama kuna anayetaka kujua. Ilitufikia siku mbili baada ya baba kuruhusiwa, ile 38,000 ikiwa imekwenda na maji. Ninayo hadi leo. Muhuri umepigwa vizuri juu ya picha, na imeandikwa kwamba mtajwa hapo juu anafahamika, hana uwezo, ni mzee, na ana umri wa miaka 17.